Kiangazi Tulichokaa na Helena

Mkitoka kazini kwenye ofisi za serikali kule Mtumba Ijumaa jioni, wengine bado mna vitambulisho shingoni, mnapita hapa kwangu na swali lenu lile lile. Mama, ninyi mlianzaje huduma? Mlikuwa na mpango gani? Huwa nacheka kwanza, maana mpango hatukuwa nao. Tulikuwa na sufuria. Sufuria yenyewe tuliazimwa na shangazi yangu siku ya harusi yetu, na shangazi, Mungu amweke pema, hakuidai mpaka alipofariki.

Leo nitawaeleza vizuri, ila msitegemee nianze mwanzo niende mpaka mwisho. Kichwa changu hakiendi hivyo tena. Kaeni, mkekani kuna nafasi.

Mume wangu Yona alikuwa fundi mitambo katika shirika moja la umma hapa Dodoma. Jumapili alikuwa mwinjilisti wa kujitolea kanisani. Ikaja ile miaka ya ruksa, biashara zikafunguliwa, maduka yaliyokuwa na sabuni za foleni yakajaa bidhaa mpaka dirishani, na mitumba ikarundikwa pale sokoni Majengo kama vichuguu. Miaka hiyohiyo mashirika yakaanza kupunguza watu. Yona alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Alirudi nyumbani na nguo zake za kazi ameziviringisha kwapani, akakaa kwenye kigoda, akaniambia, "Mama Tamali, sasa nina Jumapili siku saba." Nilidhani anatania. Baada ya mwezi tukahamia Chang'ombe, tukapanga vyumba viwili vyenye baraza, na baraza ndilo likawa kanisa.

Kwa nini Chang'ombe? Kwa sababu ya akina mama wa kokoto. Mji ulikuwa unajengwa kwa fujo, kila mwenye nafasi anainua ukuta, na kokoto zilitoka mlimani kwa mikono ya wanawake. Walikaa juani kutwa na nyundo. Jiwe walilizungushia pete iliyokatwa kwenye mpira wa tairi, ili vipande visiruke, lakini viliruka tu. Watoto wao walikaa pembeni, wenye vumbi mpaka kwenye kope, wakisubiri jioni mama apate cha kununulia unga. Yona aliwaangalia watoto wale siku moja tu. Kesho yake akaniuliza sufuria ya shangazi iko wapi.

Basi tukaanza kupika uji. Msinicheke nikiwafundisha uji, maana nimewaona mnavyopika. Unga hautupwi kwenye maji yanayochemka. Koroga kwanza unga kwa maji ya baridi pembeni, uwe kama tope laini, ndipo umimine taratibu huku mwingine akikoroga. La sivyo utawapa watoto mabonge, na mtoto mwenye njaa atalimeza bonge zima, halafu tumbo limuume kutwa nzima mama yake akiponda mawe. Sisi tulitumia uwele, siku nyingine mtama, na karanga zilizotwangwa zikiwapo. Sukari ikikosekana tuliweka ukwaju. Mtoto hakatai uji wa ukwaju, mradi usimwambie kwamba sukari imekosekana.

Kuhubiri nako tulijifunza. Yona alikuwa mtu wa Songea, na Kigogo alijua salamu tu. Alikuwa akisema "Mbukwenyi" kwa sauti kubwa, akina mama wanaitikia, halafu imeishia hapo. Wengi wa wale akina mama walikuwa wametoka vijijini na Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo mimi, mtoto wa Mpwapwa, nikawa mkalimani. Mume wangu alipenda mahubiri marefu. Alikuwa anapanda na Musa mlimani, anashuka naye, anavuka jangwa lote, kisha ananigeukia nitafsiri. Nawatazama akina mama, migongo inawauma, macho mekundu kwa vumbi. Nikasema kwa Kigogo, "Anasema Mungu hakuwaacha, na mpendane." Yona akanong'ona, "Mbona umemaliza haraka?" Nikamjibu, "Kigogo ni lugha fupi." Aliamini miaka mingi. Siku alipojifunza Kigogo vizuri alikuja jikoni, akasimama mlangoni, akanitazama tu, akaondoka. Lakini kuanzia hapo mahubiri yake yalikuwa mafupi na matamu.

Sasa niwaambie habari ya Helena, maana mkiielewa hiyo mengine mtajifunza wenyewe.

Helena alikuwa mmoja wa akina mama wa kokoto. Mwembamba, mrefu, wa rangi ya maji ya kunde, asiyesema sana. Alikuwa na mtoto wa kike, Anna, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea vizuri. Akiulizwa kwao ni wapi, alijibu, "Huko Kondoa," na mkono akaunyoosha kaskazini, basi. Ibada zetu alikuja, akakaa mwisho kabisa, akamnywesha Anna uji kwa subira. Alikuwa anapuliza kila kijiko.

Kiangazi kile, upepo wa Dodoma ulipoanza kubeba vumbi, Helena akaanza kuumwa. Kwanza kikohozi. Kisha mkanda wa jeshi, vile vipele vinavyozunguka ubavu na kuunguza kama moto. Kisha kuharisha. Nyundo ikawa nzito, akaacha kupanda mlimani. Tulimpeleka hospitali, wakamlaza, baadaye wakaturuhusu, wakasema tukamtunze nyumbani. Miaka ile neno hilo tulilielewa. Dawa mnazozijua ninyi, ambazo mtu anameza na kwenda kazini kama kawaida, hazikuwapo kwa watu kama sisi. Mtaani, badala ya kutaja UKIMWI, walisema mtu amekanyaga umeme, na wakishasema hivyo walikuwa wameshamzika mdomoni.

Tulipomrudisha kwenye chumba chake tulikuta godoro, ndoo na nguo za mtoto ziko nje kwenye vumbi. Mwenye nyumba alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mama mwinjilisti, usinione mbaya," aliniambia. "Nina wapangaji wengine. Wataondoka wote."

Yona aliweka mfuko wa dawa chini, akalikunja lile godoro, akaliweka begani. Aliniambia mimi tu, "Chukua ndoo." Tukaenda navyo nyumbani, Helena akijikongoja katikati yetu, na binti yetu Tamali, aliyekuwa darasa la tatu, akimbeba Anna mgongoni.

Tuliwapa chumba cha pili. Nesi mmoja aliyekuwa akisali nasi alikuja akanifundisha. Namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumvuta ngozi. Namna ya kufunga mifuko ya nailoni mikononi kama glavu hazipo. Shuka lenye uchafu linawekwa kwenye maji yenye dawa kwanza, halisuguliwi hivihivi. Alinieleza ugonjwa ule unavyoambukiza na usivyoambukiza, akarudia mara nyingi, kwa kuwa aliona nilivyokuwa naitikia kwa kichwa upesi mno.

Hapa ndipo nataka mnisikilize, ninyi mnaokwenda kutembelea wagonjwa Jumamosi kwa makundi. Ukiingia kwa mgonjwa, keti chini, uwe chini kuliko yeye au sawasawa naye. Usisimame juu yake kama mti. Harufu utaisikia, lakini pua usiiguse. Muulize anatamani kula nini, hata kama huna. Usimwombee kabla hujampa maji. Na kucha zake zikate, kwa sababu hakuna atakayekumbuka kucha, na mgonjwa ambaye kucha zake zimekatwa anajiona bado ni mtu. Helena alikuwa ananyoosha vidole vyake, anavitazama, anasema, "Kama bibi harusi." Ilikuwa mara chache alipofanya mzaha, kwa hiyo nilizikata hata ambazo hazijakua.

Haukupita muda, uji ukaanza kubaki.

Siku ya kwanza nilidhani watoto wamekwenda mnadani. Siku ya pili walikuja wachache, na mama zao wakawaita kutoka mbali, wakarudi na vikombe vitupu. Mchana wa siku hiyo alikuja Mzee Lazaro. Huyu alikuwa seremala, mtu wa kwanza kabisa kujiunga nasi, ndiye aliyetutengenezea mabenchi ya barazani kwa mbao za makasha. Mtu mwema. Nataka mjue hilo kabla hamjasikia alichosema.

Alikaa kwenye benchi lake mwenyewe, akaizungusha kofia yake mikononi.

"Mwinjilisti, nimetumwa," akasema.

"Na nani, mzee wangu?"

"Na akina mama. Na mimi nimejituma pia, nisikudanganye. Mama hapa anamwosha yule mgonjwa, kisha anakoroga uji. Watu wanaogopa. Wanasema, mpelekeni huyo dada kwao, uji uendelee kama zamani."

"Kwao hatukujui," Yona akasema. "Hataki kusema."

"Basi mtafutieni mahali."

"Wapi, mzee?"

Lazaro akaivaa kofia, akaivua tena. Yona akamuuliza taratibu, "Na wewe unaogopa?"

"Naogopa," akasema. "Nina watoto, na nina wajukuu. Ndugu yangu alikufa hivyo hivyo. Niliona." Akasimama, akanipa shikamoo ya kichwa kama mtu anayeomba radhi, ingawa alikuwa mkubwa kwangu kwa umri, akaondoka.

Yona hakuwa mtu wa kupata majibu papo hapo kama mnavyowaona wahubiri wa siku hizi kwenye simu. Alikaa barazani mpaka kivuli kikahama. Tamali alirudi shuleni, akaweka madaftari, akasema bila kulia kwamba kwenye dawati lake sasa anakaa peke yake. Akaenda kucheza na Anna. Hilo la dawati liliniuma kuliko yote. Mimi nilichagua kazi hii, mtoto hakuchagua.

"Wewe huogopi?" Yona akaniuliza.

"Naogopa," nikasema. Nesi alishatuelewesha, lakini kueleweshwa ni jambo moja na moyo kutulia ni jambo jingine.

Akajiegemeza ukutani. Halafu akasema, "Watoto wa mtaa mzima wanalala njaa kwa ajili ya mtu mmoja. Hilo nalo ni jambo, Mama Tamali. Siwezi kulifumbia macho."

"Sijakwambia ulifumbie."

"Nikimtoa, Jumapili nitahubiri nini?"

"Utahubiri kama kawaida," nikamwambia. "Ila mimi sitatafsiri."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. Helena alibaki. Lakini msidhani tulijua tunafanya nini. Asubuhi iliyofuata tuliwasha moto, tukapika uji kwa sufuria ile ile, kiasi kile kile, na tukakaa mbele yake kama wachuuzi wasio na wateja. Uji ukipoa unatengeneza ngozi juu. Nilikuwa naitazama ile ngozi, naiona aibu yetu yote.

Ikaendelea hivyo mpaka alipokuja Bi Mwajuma.

Bi Mwajuma alikuwa jirani yetu upande wa msikitini, mjane, Mrangi wa Kondoa, aliyekuwa akichoma vitumbua njiani alfajiri. Tulisalimiana kila siku lakini hakuwahi kukanyaga baraza letu. Ninyi mnajua, baraza lilikuwa kanisa, naye ni mtu wa swala tano. Asubuhi ile nikasikia, "Hodi hapa." Nikamwona amesimama na mtandio wake umefungwa vizuri, nyuma yake wajukuu zake wamepangana, kila mmoja na kikombe.

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nimesikia uji unamwagwa hapa."

Nikainamisha macho kwenye sufuria.

"Kumwaga chakula ni dhambi kwenu na kwetu," akasema. Akavua kandambili, akapanda barazani, akachukua kikombe cha mjukuu mmoja, akakinyoosha. "Nipe mimi kwanza."

Nikammiminia. Alikunywa amesimama, pale pale, ambapo kila anayepita njiani anamwona. Alikunywa polepole sana. Akafuta mdomo, akasema, "Umepungua chumvi," kisha akawaamuru wajukuu waje mbele. Alipomaliza akauliza mgonjwa yuko wapi, akaingia chumbani kumjulia hali.

Nisiwadanganye kwamba mtaa uligeuka siku ileile. Kesho yake walikuja watoto wa majirani zake. Wiki ile wakaja wa mama mmoja wa kokoto, ambaye hakuwa na la kuchagua. Wengine hawakurudi kabisa, na wawili katika hao walikuwa marafiki zangu. Mmoja anapita hapa mpaka leo, tunasalimiana, na jambo hilo hatulitaji. Hilo nalo ni sehemu ya kazi, kusalimiana na mtu bila kulitaja.

Bi Mwajuma akawa anakuja kila siku baada ya vitumbua kwisha. Anakaa na Helena mimi nipate kufua. Siku moja homa ilipanda mchana, Helena akawa anaongea na watu tusiowaona. Mimi niliingia na maji, nikasikia maneno ambayo sikuwahi kuyasikia mdomoni mwake. Kulikuwa na milio ndani yake, ulimi unagonga kaakaa, ta, kama kijiti kinavunjika. Nilidhani ni degedege. Bi Mwajuma akanishika mkono.

"Tulia. Hiyo ni lugha," akasema. "Huyu ni Msandawe. Kwetu walikuwa wakija na asali kuuza, nikiwa mtoto. Nilikuwa nakaa karibu nao ili niwasikie tu."

Homa iliposhuka, Bi Mwajuma alimwambia waziwazi, "Mwanangu, umesema kwenu ni wapi. Umesema kwa lugha ya kwenu."

Helena alifunika uso kwa khanga. Baadaye, kidogo kidogo, akatueleza. Kwao ni mbele ya Kwa Mtoro, sehemu ambazo siku hizi ni wilaya ya Chemba, wakati huo zote zikiitwa Kondoa. Alimfuata dereva wa lori ambaye wazazi hawakumtaka. Siku ya kuondoka mama yake alisimama njiani, Helena akampita bila kumuaga. Dereva alikuja kufa, ndugu zake wakamfukuza Helena. Huku mjini alipofungua mdomo watu walimcheka kwa ile milio, wakamwiga, basi akaifunga lugha yake. Hata Anna hakumfundisha.

"Unataka mama aitwe?" nikamuuliza.

"Hatakuja," akasema. "Nilimpita kama mti."

Nilitoka nje, nikamwambia Yona. Kesho yake alikuwa juu ya lori la wafanyabiashara wa ng'ombe linalokwenda minadani huko, amejifunga kitambaa puani kwa vumbi. Hakujua njia, hakujua lugha, na kabla ya kuondoka jina la kijiji alilitamka vibaya mpaka Helena akacheka akakohoa. Alikaa huko siku kadhaa nami sikupata habari yoyote, maana simu hizi zenu hazikuwapo. Nilikuwa napika uji, nafua, namgeuza Helena, na kila lori likipita natoka nje.

Aliporudi, alikuja na mwanamke mzee mdogo wa umbo, mkavu, mwenye mgongo ulionyooka, na kifurushi cha nguo kichwani. Yona alinisimulia baadaye kwamba alipofika pale na kulitaja jina la Helena, yule bibi hakuuliza swali hata moja. Aliingia ndani, akatoka na kile kifurushi, akatangulia kuelekea barabarani.

Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Kwangu alisema tu, "Mwanangu yuko wapi?"

Nikamwonyesha mlango. Aliinama, akaingia. Halafu tukasikia ile lugha, sauti ya mzee kwanza, na ya Helena ikimjibu, na ile milio inapishana kama mawe madogo yanayogongana kwenye mkondo wa maji. Helena, ambaye kwangu alikuwa mtu wa neno moja moja, alikuwa anaongea bila kukoma. Sikuelewa chochote, ila nilielewa kwamba miezi yote ile mimi nilimtunza mtu nisiyemsikia bado. Yona alikuwa amesimama kando yangu na vumbi la safari bado usoni. Machozi yalikuwa yamechora njia mbili kwenye lile vumbi. Hakuyafuta.

Kuanzia siku ile mama yake ndiye aliyemwosha. Mimi nilibeba maji tu. Alilala sakafuni kando ya godoro, mkono wake juu ya mguu wa mwanawe. Niliwahi kumuuliza Helena, mama amesemaje kuhusu ile siku ya kumpita? Akasema, "Nilimwomba msamaha. Akaniambia nimekonda kama siku niliyozaliwa, na kwamba siku hiyo pia hakunitupa."

Helena alifariki mchana, mawingu ya kwanza yakiwa yamejikusanya lakini mvua haijanyesha. Mama yake alikuwa amemshika. Nilipotoka kwenda kutafuta mtu wa kutengeneza jeneza, nilimkuta Mzee Lazaro anakuja njiani na mkokoteni. Jeneza lilikuwa juu yake, limepigwa randa vizuri, kazi ya siku nyingi. Alikuwa ameshaanza kulitengeneza kabla, kwa kukadiria kimo kwa macho.

"Sikuweza ule uji," akaniambia, hakunitazama. "Hili niliweza."

Nilimpokea mkono wa mkokoteni, tukasukuma pamoja. Kumbukeni hilo, wanangu. Mtu aliyeshindwa jambo moja mwacheni mlango wazi, huenda kuna jingine anaweza. Makaburini walikuja akina mama wa kokoto, baadhi wakiwa na nyundo zao, kwa sababu walitoka kazini moja kwa moja. Wakaja pia watu wa msikitini aliowaleta Bi Mwajuma, wakasimama nyuma kwa heshima. Yona alihubiri kwa maneno machache nami nikayatafsiri yote, bila kupunguza.

Likabaki la Anna.

Niseme ukweli, nilikuwa nimempenda mtoto yule. Alikuwa analala na Tamali, ananifuata jikoni ameshika upindo wa khanga yangu. Nilikuwa nimeshamwona moyoni amevaa sare ya shule. Tukakaa na bibi yake barazani. Mimi nilisema Kiswahili, Bi Mwajuma akakigeuza Kirangi, ambacho bibi alikijua kwa ujirani.

"Mwambie mtoto anaweza kubaki hapa. Tutamsomesha kama wetu. Yeye bibi atakuja kumwona wakati wowote akitaka."

Bi Mwajuma akasema. Bibi alisikiliza, akaangalia mlima wa kokoto. Akajibu maneno machache.

"Anasema anashukuru," Bi Mwajuma akaniambia. "Anasema mji umeshachukua mmoja."

Nilitaka kubishana. Nilikuwa na hoja nyingi, shule, hospitali, maji ya bomba. Yona aliweka mkono juu ya goti langu, nami nikanyamaza. Huduma inaweza kumfanya mtu adhani kila anayepita mikononi mwake ni wa kwake. Si wetu. Wana kwao.

Waliondoka kwa lori la ng'ombe. Anna alilia sana akininyooshea mikono, mpaka dereva akageuza uso. Bibi yake hakumnyamazisha kwa kumtikisa. Alimwegemeza kifuani, akamwinamia sikioni, akaanza kuzungumza naye kwa ile lugha, taratibu, na kila baada ya maneno machache ulimi unagonga. Anna alinyamaza. Alikuwa ametumbua macho kwenye mdomo wa bibi yake. Lori lilipoanza kusogea nilimwona anajaribu, anagonga ulimi wake mdogo, mlio hautoki, anajaribu tena. Bibi alikuwa anacheka. Tamali alikimbia nyuma ya lori mpaka kwenye kona, na mimi nikaingia ndani kukunja shuka.

Mvua zikanyesha, zikaisha, watu wakavuna. Nilikuwa nimeacha kutoka nje kila lori likipita. Asubuhi moja akatokea mfanyabiashara wa mbuzi, mgeni kabisa, anauliza kila mlango alipo mama wa uji. Alibeba kibuyu kilichofungwa kwa ngozi.

"Nimetumwa na bibi mmoja huko mbele ya Kwa Mtoro," akasema. "Asali hii ni yenu."

"Mtoto hajambo?" nikauliza, hata kiti sijampa.

"Hajambo. Anazunguka na mbuzi kutwa. Bibi amesema nikwambie kwamba Kiswahili chenu amekisahau chote."

Nilikaa kwenye benchi nikacheka, na katikati ya kile kicheko nikajikuta nalia, na yule bwana maskini hakujua kama ametoa habari njema au mbaya. Yona alimkaribisha uji. Watoto walikuwa wameshaanza kukusanyika, wa akina mama wa kokoto, wa Bi Mwajuma, na wawili wa Mzee Lazaro. Nilifungua kile kibuyu nikamimina asali yote ndani ya sufuria, nikakoroga. Watoto hawakujua nilichotia. Walikunywa kimya, mpaka chini kabisa, wakapangusa vikombe kwa vidole, kisha mmoja baada ya mwingine wakarudi kwenye mstari, vikombe mbele, wakinitazama.